Je, Wajua? Fundi wa Birere Hafungui Ruta Kwanza

Kila chombo chenye waya mjini Goma hupita Birere, mtaa wa soko. Hununuliwa hapa, huharibikia nyumbani, kisha hurudi hapa hapa kutengenezwa. Siku hizi si redio na simu tu: kuna kamera za ukutani, ruta, taa zinazojiwasha jioni, pampu zinazojizima tangi likijaa. Fundi mzoefu akiletewa kesi, hakimbilii bisibisi. Huuliza kwanza juu ya umeme, kisha ardhi, waya, mawimbi, saa na anwani, na mwisho mambo yaliyo nje ya nyumba. Tufuate mpangilio wake.

UMEME

Je, wajua kuwa swali la kwanza la fundi wa Goma si "kimeharibika nini?" bali "Mama, uko kwa SNEL ao kwa Virunga?" Mji huu una zaidi ya mwuzaji mmoja wa umeme. SNEL, kampuni ya serikali, huleta umeme wa maporomoko ya Ruzizi, upande wa Bukavu. Virunga Energies huleta wa Matebe, Rutshuru, kituo cha zaidi ya megawati 13 kilichozinduliwa Desemba 2015. Nuru nayo ilifungua mwaka 2020 mtambo wa jua wa megawati 1.3 kule Ndosho. Kila mmoja ana nguzo zake, mita zake na saa zake za kukatika. Nyumba yenye laini mbili ina swichi ya kuchagua, na kesi nyingi za "kamera zimekufa zote" huishia hapo: mtu aligeuza swichi upande usio na umeme.

Je, wajua kuwa mita za kulipia kabla, zile ambazo wengi wanaziita Cash Power, hupokea namba ya tarakimu 20, na kwamba mfumo unaotumiwa na mita nyingi za aina hiyo duniani ulikuwa na siku yake ya mwisho? Mfumo huo, STS, ulihesabu dakika kuanzia mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuwekewa namba za kuifanya upya kabla ya hapo ingekataa tokeni mpya. Ndiyo maana mwaka ule TANESCO ya Tanzania na Kenya Power waliwasumbua wateja wao waingize namba za ziada kwanza, ndipo tokeni ya kawaida ifuate.

Je, wajua kuwa hatari kubwa ya delestaji, yaani mgao wa umeme, haiko wakati umeme unapokatika, bali wakati unaporudi? Mtaa mzima huwa umeacha friji, pasi na pampu zikiwa zimeunganishwa. Umeme ukirudi, vyote huvuta kwa pamoja, volti zikaanguka na kupanda kabla ya kutulia. Kifaa cha kulinda friji kina saa ndogo ndani yake inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite. Asiye nacho achomoe, ahesabu dakika tano, ndipo achomeke tena.

Je, wajua kuwa ruta ya kawaida hula umeme mdogo sana? Nyingi hutumia volti 12 na hazizidi wati 10. Batri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ya kwenye UPS, hubeba wati-saa 84. Ukitumia nusu yake tu ili batri isife mapema, ruta inawaka saa nne. Mafundi huunganisha ruta moja kwa moja na batri kupitia kifaa cha kutuliza volti, bila kupita kwenye mashine ya kubadilisha umeme kuwa wa volti 220. Kuugeuza umeme mara mbili ni kuupoteza njiani.

Je, wajua kwa nini meza za Birere zimejaa adapta? Prizi za Kongo ni za matundu ya duara, urithi wa Wabelgiji. Mizigo inayopitia Dubai, Kampala au Nairobi huja na plagi ya Kiingereza ya meno matatu bapa. Adapta ya bei ya chini hupitisha meno mawili tu, na jino la tatu, lile la ardhi, linaishia hewani. Kifaa kitawaka vizuri. Kinga yake ndiyo imebaki dukani.

ARDHI

Je, wajua kuwa Goma ni miongoni mwa miji migumu kuchimbia waya wa ardhi? Mji umekaa juu ya lava ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava mpya ilikatiza katikati ya mji hadi ziwani na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege, na watu wakajenga tena juu yake. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu una ukinzani wa makumi ya ohm-mita. Mwamba mkavu wa lava unaweza kufika maelfu. Kupigilia fimbo moja ya shaba kwenye mwamba huo ni kujidanganya, hata kama umevunja nyundo. Fundi anayejua kazi hutandaza waya mrefu kwenye mtaro, huunganisha fimbo kadhaa, kisha huzifunika kwa udongo wa mfinyanzi ulioletwa kutoka kwingine, unaoshika maji.

Je, wajua kwa nini kasha la chuma la mashine ya kurekodia kamera hukutekenya vidole? Hakuna uchawi. Ndani ya chaja za kisasa kuna kapasita ndogo zinazoondoa kelele za umeme kwa kuzipeleka kwenye ardhi. Ardhi isipokuwepo, kasha hubaki na volti karibu nusu ya zile za prizi, ila mkondo wake ni mdogo mno, kwa kawaida chini ya miliampea moja. Hauui, lakini unatosha kuharibu tundu la waya wa televisheni ukiuchomeka huku vyombo vyote vikiwa vimewashwa. Zima vyote, unganisha waya, kisha washa.

Je, wajua kuwa mashariki mwa Kongo ndiko Afrika inakopigwa na radi kupita kote? Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliipa sehemu ya Kabare mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Duniani ilizidiwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake, lenye 233. Kwa hiyo waya wa mtandao unaopita nje, kutoka paa hadi paa, ni mlango wa radi. Haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga jirani, waya mrefu huokota nguvu yake, na asubuhi unakuta tundu moja la ruta limekufa huku mengine yakifanya kazi. Hiyo ndiyo alama ya radi: kifo cha tundu moja.

Je, wajua kuwa kipima hewa kina mahali pake ukutani? Pembeni mwa Goma, hasa kuelekea Sake na kando ya ziwa, kuna mazuku: hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kutulia mabondeni. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa karibu mara moja na nusu, ndiyo maana mbuzi na watoto hudhurika kabla ya mtu mzima aliyesimama. Kipima cha hewa hiyo kikifungwa juu karibu na dari kitachelewa kulia. Kiweke chini, usawa wa kitanda. Gesi ya kupikia nayo ni nzito; kipima chake pia hukaa chini.

WAYA

Je, wajua kuwa waya wa mtandao una nyaya nane, na kuwa rangi zake hufuata mpangilio ambao mafundi huukariri kama sala? Mtazame mmoja kwenye kibanda. Anavua ganda la nje kwa urefu wa kucha mbili, anafungua jozi nne zilizosokotwa, anazinyoosha kwa kuzivuta katikati ya kidole gumba na shahada. Kisha anazipanga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Anakata ncha zote kwa mpigo mmoja ziwe sawa, anazisukuma ndani ya kichwa cha plastiki, na kabla ya kubana anakigeuza kwenye mwanga: lazima aone nukta nane za shaba zimegusa ukuta wa mbele. Ikiwa moja imerudi nyuma, hubani. Anatoa, anaanza upya.

Je, wajua kuwa si kila waya unaong'aa kama shaba ni shaba? Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Ni mwepesi, bei yake inavutia, na kwa ruta ya mita tano hutauona ubaya wake. Lakini alumini hupitisha umeme kwa karibu asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba. Kamera inayopokea umeme kupitia waya huo huo wa mtandao itawaka mchana na kuzima usiku, saa taa zake za kuonea gizani zinapoanza kula umeme zaidi. Kipimo cha Birere ni wembe: kwangua ncha, ikitoka nyeupe, umeuziwa alumini.

Je, wajua kuwa waya wa mtandao una mwisho wake? Ni mita 100. Ukizidi hapo, mawasiliano huanza kukatika ovyo, na hakuna mipangilio ya ruta itakayoponya jambo hilo. Anayetaka kupeleka intaneti kutoka duka la mbele hadi ghala la mbali huweka swichi ndogo katikati.

Je, wajua kuwa kifaa cha kwanza cha "nyumba inayojiendesha" katika nyumba nyingi za Goma ni boya la plastiki? Linaelea ndani ya tangi; maji yakipungua linashuka na kuwasha pampu, yakijaa linapanda na kuizima. Pampu ikigoma, kabla ya kuifungua, inua na ushushe boya kwa mkono. Likiwa limenasa kwenye waya wake, fundi amelipwa kwa kazi ya dakika moja.

MAWIMBI

Je, wajua kuwa nyumba ya mbao ni rafiki wa Wi-Fi, na nyumba ya mawe ni adui? Mbao kavu hupitisha mawimbi kwa urahisi. Ukuta mnene wa mawe ya volkano huyapunguza, bati huyarudisha, na maji huyameza. Ruta iliyowekwa nyuma ya tangi la lita 1,000 haitafika chumbani hata ukinunua yenye antena sita.

Je, wajua kuwa urafiki huo wa mbao una gharama zake? Katika vibanda vilivyobanana, unasikia mitandao ya majirani wote. Masafa ya gigahezi 2.4 yana njia tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ruta yako ikiwa kwenye 6 pamoja na nyingine kumi, mnapokezana kama watu kwenye bomba moja la maji. Fundi huchukua simu yake, hufungua programu ya kupima mawimbi, huona njia iliyo wazi, na kuihamisha ruta huko. Kifaa hakikuwa kibovu.

Je, wajua kwa nini balbu ya Wi-Fi uliyonunua inakataa kuungana, wakati simu iliyo mkononi imeungana bila shida? Balbu, prizi na kamera nyingi za bei nafuu zinajua gigahezi 2.4 tu, na simu yako imekaa kwenye gigahezi 5. Zima masafa ya 5 kwa muda, unganisha balbu, kisha yarudishe.

Je, wajua kuwa Birere unaweza kuhamia Rwanda bila kuvuka mpaka wa Petite Barrière? Simu au ruta ya laini hutafuta mnara wenye nguvu, na minara ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, iko karibu mno. Laini yako ya Kongo ikikubali huduma ya ugenini, unaanza kulipishwa kama msafiri, au intaneti inakatika kabisa. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio, kuzima kuchagua mtandao kwa otomatiki, na kuchagua mwenyewe. Kama orodha inaonyesha tarakimu badala ya majina, kumbuka: zinazoanza na 630 ni Kongo, 635 ni Rwanda.

SAA NA ANWANI

Je, wajua kuwa kamera ya Goma iliyowekewa saa za Kinshasa inasema uongo kwa saa moja? Kongo ina saa mbili: magharibi iko saa moja mbele ya saa ya dunia, mashariki iko mbili. Mtu akiibiwa na picha ikaonyesha saa isiyo sahihi, ushahidi wake unatia shaka. Kwenye orodha ya kifaa usichague Kinshasa. Chagua Lubumbashi, au GMT+2.

Je, wajua kuwa taa yenye saa ya kujiwasha haihitaji kurekebishwa mwaka mzima hapa kwetu? Goma iko chini kidogo ya ikweta, na saa ya jua kuzama hubadilika kwa karibu nusu saa tu kati ya mwezi wa mapema na wa kuchelewa. Ndugu yako aliye Brussels hana bahati hiyo.

Je, wajua kwa nini unaiona kamera ukiwa nyumbani, na ukifika dukani haipatikani? Anwani za intaneti za mfumo wa zamani zimekwisha, kwa hiyo kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kutoka nje hakuna anayeweza kuugonga mlango wako, kwa sababu mlango si wako peke yako. Ruta yako ikionyesha upande wa nje anwani inayoanzia 100.64 hadi 100.127, ndiyo hali hiyo. Usimlipe mtu "afungue mlango" kwenye ruta. Tafuta kamera inayopiga simu nje yenyewe, kupitia seva ya mtengenezaji.

Je, wajua kuwa neno la siri la kiwandani liliwahi kutikisa nchi ya Afrika? Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa mamia ya maelfu, kwa kujaribu orodha ya maneno ya siri zaidi ya 60 ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Novemba mwaka huo jeshi hilo la vifaa lilielekezwa Liberia, kwa kampuni ya Lonestar. Aliyefanya hivyo, Mwingereza Daniel Kaye, alihukumiwa London Januari 2019 kifungo cha miaka miwili na miezi minane. Kamera yako bado inafunguka kwa "admin"? Libadilishe neno hilo leo.

NJE YA NYUMBA

Je, wajua kuwa Goma iko karibu zaidi na Mombasa kuliko mji mkuu wake? Kwa mstari ulionyooka, Mombasa ni kama kilomita 1,200, Kinshasa karibu 1,570. Mombasa ndiko nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zilikotua mwaka 2009. Goma pia ina kituo chake cha kubadilishana data, GOMIX, ili ujumbe wa jirani kwa jirani usilazimike kuzunguka ng'ambo.

Je, wajua kwa nini simu za setilaiti za zamani zilikuwa na ukimya kabla ya jibu? Setilaiti zake hukaa kilomita 35,786 juu. Swali na jibu husafiri zaidi ya kilomita 140,000, karibu nusu sekunde. Starlink hutumia setilaiti zilizo kama kilomita 550 tu. Rwanda ilianza nayo Februari 2023. Nchini Kongo, mdhibiti wa mawasiliano, ARPTC, aliikataza Machi 2024, kisha akatangaza leseni Mei 2025.

Je, wajua kuwa kuna hitilafu ambazo fundi hawezi kuzigusa? Baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018, intaneti ilizimwa Kongo nzima kwa karibu siku 20, na wakaazi wa mpakani wakageukia laini za Rwanda. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mji ulikaa siku kadhaa bila umeme, maji wala intaneti. Ndiyo maana kabla ya kuja kwako fundi atauliza, "Jirani wa laini nyingine anapata?" Ikiwa hakuna anayepata, atakuambia ubaki na pesa yako.

Je, wajua kuwa risasi anayoyeyusha fundi kwenye ruta yako huenda ina bati la kutoka mkoa huu huu? Risasi ya kuchomelea inayozoeleka ni takriban asilimia 60 bati, na huyeyuka karibu na nyuzi 185. Mgodi wa Bisie, Walikale, unaoendeshwa na Alphamin tangu 2019, hutoa karibu asilimia 6 ya bati la dunia. Madini hutoka hapa yakiwa mawe, hurudi yakiwa uzi kwenye kibiringo. Na kinachochomelewa mara nyingi ni kapasita moja iliyovimba kichwa: ukikuta juu yake pamefura badala ya kuwa bapa, umeupata ugonjwa. Huwekwa nyingine ya ukubwa ule ule, na volti sawa au zaidi, kamwe si pungufu.

Je, wajua, hatimaye, kuwa mlima wenyewe uliwahi kukosa intaneti? Vipima mitetemo vya Nyiragongo hutuma habari zake kwa kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, na kituo kinahitaji intaneti kuzipokea. Ufadhili wa mradi wa Benki ya Dunia ulipoisha mwaka 2020, hapakuwa na pesa za kulipia mtandao, na kwa miezi kadhaa habari za mbali hazikufika. Huduma ilirudi Aprili 2021. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ikalipuka. Vipima havikuwa na kosa, wala waya. Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, kabla ya kuzima na kuwasha, uliza hili kwanza: mwezi huu umelipwa?